Kifuniko cha Sufuria ya Dorkas

Wifi yangu Dorkas hajawahi kunikosea hata siku moja, na hilo lenyewe ni ajabu, maana mimi ndiye dada wa mumewe na mdomo wangu haujui kupumzika. Hapa Kimberley mtaa mzima unajua: ukitaka maneno, mtafute Ragel Mentoor, ukitaka kazi ifanyike bila maneno, mtafute Dorkas. Kwa hiyo haya nayasema mimi. Yeye hatayasema.

Dorkas amekulia mtoni. Baba yake alikuwa mchimba almasi wa kwenye kingo za mto Vaal, wale wa kuchekecha changarawe mwaka mzima na kuambulia cha kununulia sukari. Kilichowalisha ni samaki, na mvuvi alikuwa huyo binti, kwa tete na pini aliyoipinda mwenyewe. Zile siku chache anapofungua kinywa, atakuambia hakuna kitu kitamu duniani kama ule mshtuko wa kwanza mkononi, samaki anapokuuliza wewe ni nani. Akisema hivyo uso wake unarudi utotoni kabisa.

Kisha akaolewa na kaka yangu Flip, na huo ukawa mwisho wa kuvua.

Nieleze vizuri. Kwetu, Pasaka bila mto si Pasaka. Ikifika Aprili, mierebi imeanza kugeuka manjano na asubuhi unaiona pumzi yako, wanaume wanaanza kuwashwa miguu. Tunapakia pikapu mahema, magodoro, makreti, watoto, sufuria na samaki waliolowekwa kwenye siki kwa ajili ya Ijumaa Kuu, tunakwenda juu ya Warrenton, kwenye shamba la kaburu mmoja anayetufungulia geti kila mwaka. Tunakaa hadi Jumatatu. Wanaume wanapanga fimbo zao za kuvulia ukingoni, kila fimbo na kengele yake ndogo kichwani, wanakaa kwenye viti vyao na brandi yao. Kengele ikilia, wanakimbia. Isipolia, wanadanganyana.

Na sisi wanawake? Tunapika. Mwenzangu, usiniulize swali ambalo jibu lake unalijua.

Ila Dorkas alikuwa na kazi moja zaidi: chambo. Kule hatuvui kwa minyoo, tunavua kwa ugali. Ugali mgumu wa mahindi, umesongwa mpaka unang'aa, umekandwa na asali, vitunguu saumu na vitu vingine ambavyo kila familia inaficha hata kwa mkwe. Samaki wa karpa, yule mnene wa magamba mapana, ana pua kuliko mbwa. Chambo kikibeba harufu ya petroli au tumbaku au sabuni, atakipita kama mtu anayepita nyumba ya anayemdai. Sasa Dorkas alikuwa akifua mashuka hospitalini, mikono ndani ya dawa za kufulia mwaka mzima. Kwa hiyo kila Aprili aliomba likizo mapema, akakaa siku kadhaa bila kugusa sabuni, akiisugua mikono kwa unga na udongo wa bustani mpaka inuke mahindi tu. Ndipo akakanda. Na chambo kile, nakuapia, samaki walikuwa wanakuja wenyewe kama watu walioitwa harusini.

Flip alikuwa akiwaambia wenzake, "Hiki chambo ni siri yangu, nimeachiwa na babu yangu." Babu yetu! Babu yetu alikuwa fundi viatu na maji aliyaogopa hata ya kuoga.

Mwaka mmoja, wakiwa bado wachanga kwenye ndoa, Dorkas alimwomba ashike fimbo moja tu, wakati wanaume wanakula. Nilikuwepo. Flip alicheka mbele ya watu wote.

"Wewe? Na mikono yako hiyo ya sabuni? Utanifukuzia samaki mpaka wahame nchi!"

Wakaangua kicheko. Hebu nielezee hapo. Mikono ya kukanda ugali haina harufu, lakini mikono hiyo hiyo ikishika fimbo inanuka sabuni. Dorkas akarudi jikoni kwake pale chini ya mwerebi akageuza maandazi. Nilimwambia Flip maneno ambayo siwezi kuyarudia, maana nimeokoka siku hizi.

Sasa kuna hicho kifuniko. Dorkas alipoolewa, mama yake alimpa sufuria kubwa ya alumini, ya kupikia watu ishirini, na kifuniko chake. Mama mwenyewe alikuwa maskini wa Mungu. Hiyo sufuria ndiyo ilikuwa zawadi ya harusi na urithi. Mwaka wa kwanza tu mtoni, Flip alivua samaki mkubwa kuliko wote, na rafiki yake Sakkie Esau akataka pawepo kombe. Sakkie ndiye mwenye mizani, ndiye anayepima, ndiye mwamuzi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia asiwe. Akatazama huku na huku, akakiona kifuniko, akachukua msumari akakwaruza: jina la Flip, uzito na mwaka. Tangu siku hiyo kifuniko kikawa kombe. Mshindi wa kila mwaka anakitundika ukutani kwake mpaka Pasaka inayofuata. Na Dorkas akawa anaifunika sufuria yake kwa sinia la bati na jiwe juu. Miaka yote hiyo! Watoto wake wamekua wakidhani sufuria huwa zinafunikwa kwa mawe.

Sakkie alitunga na sheria. Wanaume wakishalewa wanalala, na kengele hailali, basi yeyote aliye karibu atainyakua fimbo. Sasa samaki awe wa nani? Sakkie akaamua: samaki ni wa mwenye fimbo. Hata mwenye fimbo awe anakoroma, hata awe chooni. Wote wakakubali, maana kila mmoja alijijua.

Sheria hiyo ilikuja kumuuma Dorkas vibaya. Ilikuwa Jumapili ya Pasaka, asubuhi, ukungu bado uko juu ya maji. Flip alikuwa amelala chini ya pikapu, buti moja mguuni, lingine sijui wapi. Mimi na Dorkas tulikuwa tunakaanga maandazi. Kengele ya fimbo ya Flip ikalia, si ule mlio wa kudokoa. Ililia kama imetekwa. Dorkas aliacha mafuta motoni. Sijawahi kumwona akikimbia kabla ya hapo. Akaishika ile fimbo kwa mikono ya unga, akaivuta mara moja kumnasa, kisha akatulia. Alimpa mshipi, akamnyima, akampa tena. Midomo yake ilikuwa inazungumza naye. Mimi niliingia majini na wavu mpaka kiunoni, nikipiga kelele kama mwehu, yeye akisema polepole, "Subiri, Ragel. Subiri. Bado hajakubali." Tulipomtoa, tulikaa chini kwenye matope tukacheka mpaka tukalia.

Kilo kumi na tatu na ushei. Haijawahi kutokea kwetu.

Sakkie alikuja na mizani yake, akapima, akapiga mluzi, akaenda kumwamsha Flip kwa teke. "Amka, bwana! Umevua samaki!"

Na Flip akaamka akiwa bingwa. Jina lake likakwaruzwa. Nikamuuliza Sakkie kama ana akili timamu, akanijibu, "Dada Ragel, sheria ni sheria. Samaki ni wa mwenye fimbo." Dorkas alikwenda kutazama maandazi, yalikuwa yameungua yote, na Flip, bingwa wetu, akamgombeza kwa ajili ya maandazi.

Kuanzia hapo kaka yangu aliishi juu ya mgongo wa yule samaki. Kila mgeni alihadithiwa. Mwaka huu samaki alimburuta hatua mbili, mwaka ujao hatua kumi. Bega likimuuma wakati wa baridi, alisema, "Hili bega ni la yule samaki." Na mkewe yuko pale pale, anamwaga chai. Flip alipofariki, Mungu amrehemu, Sakkie alisimama kanisani kutoa neno, na neno lilikuwa ni nini? Yule samaki. Watu walicheka na kufuta machozi. Dorkas alikaa benchi la mbele na kitambaa cheusi kichwani, anatazama jeneza. Nilimshika mkono, ulikuwa baridi.

Tulipotoka makaburini aliniambia kwa sauti ndogo, "Wifi, nataka jina langu kwenye kile kifuniko. Mara moja tu. Baada ya hapo Mungu aniite akitaka."

Nikamwambia, "Utaliweka."

Alistaafu hospitali mwaka uliofuata, na kitu cha kwanza alichonunua, kabla ya jiko, kabla ya miwani, kilikuwa fimbo ya kuvulia. Fimbo nzuri, nyeusi, na kengele yake ya shaba. Fimbo za Flip alikuwa amezichukua Elroy, mtoto wao mkubwa, siku ile ile ya matanga. Dorkas akaiweka yake nyuma ya mlango wa chumbani, na jioni alikuwa akitoka nayo uani kutupia ndoano kwenye beseni. Majirani walidhani kifo cha mume kimemgusa kichwa.

Elroy si mtoto mbaya. Ndivyo watu wanavyosema juu ya watoto wabaya, najua. Anafanya kazi ya umeme, mpole kwa mkewe, mama yake anampelekea mboga kila Jumamosi. Ila tangu yuko mdogo Flip alikuwa akimpiga kichwani kwa habari za yule samaki. "Wewe huwezi hata kuvua kambare mgonjwa. Baba yako alivua kilo kumi na tatu!" Mtoto alikua na hilo jiwe tumboni. Jina lake limo kwenye kifuniko mara mbili, kwa visamaki vya kuaibisha.

Aprili ikafika. Tulipokuwa tunapakia, Elroy aliiona fimbo.

"Ya nani hii?"

"Yangu," Dorkas akasema.

"Mama! Kweli?" Akacheka, lakini si kwa ubaya. "Sawa bwana. Ila kupika utapika pia, eh? Chambo je, umeshakanda?"

"Nimekanda."

"Ndiyo mama yangu huyo."

Kule mtoni walimpa nafasi ya mwisho, karibu na matete, mahali ambapo hakuna anayependa kukaa kwa sababu ya mbu. Akaridhika. Aliweka kiti chake, akaisimika fimbo, akakaa na blanketi magotini. Kupika nikapika mimi, na walikula chakula kibichi nusu na hakuna aliyethubutu kunung'unika. Ijumaa, hakuna kitu. Sakkie alipita akamtania, "Dada Dorkas, samaki wanauliza kama umewaletea sabuni." Akatabasamu tu. Hakuondoka kwenye kile kiti.

Jumamosi, jua likiwa juu ya vichwa, kengele ya shaba ikalia.

Dorkas alisimama kabla hata hatujageuza shingo. Akavuta, akamnasa, na ile fimbo nyeusi ikapinda mpaka kichwa chake kikagusa maji. Mshipi ulikuwa unatoka kwa sauti ya cherehani. Nikajua, na yeye alijua. Aliniangalia mara moja tu, macho yanang'aa, kama yule binti wa changarawe. Nikakimbilia wavu.

Elroy alifika kabla yangu. "Mama, lete! Lete hapa, atakuangusha!"

"Niache, Elroy."

"Mama, una presha! Mama, lete!"

"Elroy, niache!"

Hakumwacha. Alimzungushia mikono kwa nyuma kama anamkumbatia, akaishika fimbo juu ya mikono yake, akamsukuma pembeni kwa nyonga. Dorkas aliteleza akakaa kitako kwenye matope. Na alipokaa pale, wanaume wote walikuwa wameshakimbilia kwa Elroy, wanapiga kelele, mlegezee, mkaze, mlegezee! Hakuna hata mmoja aliyempa mkono mama wa watu anyanyuke. Nilimnyanyua mimi. Sketi yake ilikuwa matope matupu. Alikuwa anatazama maji.

Samaki alitoka. Mizani ikasema kumi na nne. Wakambeba Elroy juu juu. "Amempita baba yake! Amempita mzee!" Na Elroy analia, mwanaume mzima na ndevu zake, analia kwa furaha, anasema, "Baba yuko wapi aone? Baba yuko wapi?"

Dorkas akasogea mpaka kwa Sakkie, ambaye tayari alikuwa na msumari mkononi.

"Andika, Sakkie," akasema. "Dorkas Mentoor."

Kelele zikashuka. Sakkie akajikuna shingo. "Dada Dorkas, hapo... Fimbo ni yako, hakuna anayekataa. Ila samaki kamtoa Elroy."

"Samaki ni wa mwenye fimbo."

"Ndiyo, lakini ile sheria ilikuwa ya watu waliolala, dada yangu. Mtu akiwa amelala hawezi kujitetea. Wewe hukulala. Ulikuwa macho, fimbo ikatoka mkononi mwako ikaenda kwa mwingine. Hapo samaki ni wa mkono uliomtoa."

Nikamrukia. "Sheria hiyo umeitunga saa ngapi, we mzee mnafiki? Umeitunga sasa hivi, na mate yako hayajakauka!"

"Ragel, nyamaza," Dorkas akasema. Akamgeukia mwanawe. Hakumwomba. Alimtazama tu, na kila mtu pale alijua kwamba neno moja la yule kijana lingetosha. Mpeni mama. Maneno mawili basi.

Elroy aliangalia samaki, akaangalia kifuniko. Nilimwona. Niliona kabisa anavyopima, kilo na mama yake.

"Mama," akasema, "si ni jina lile lile? Mentoor ni Mentoor."

Sakkie akakwaruza. Alumini inatoa sauti mbaya sana ikikwaruzwa, meno yanasisimka. Dorkas alisimama pale mpaka herufi ya mwisho, kisha akaenda kubadilisha sketi. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba unaweza kuwa umekinyonyesha.

Jioni alipika mwenyewe. Maharage na mifupa, sufuria ile ile kubwa. Wanaume walikuwa wamekizunguka kifuniko wanakipigapiga kama ngoma na kuimba. Dorkas akatoka jikoni, akapita katikati yao, akakichukua mikononi mwa Elroy, akakifuta kwa aproni mbele na nyuma. Akarudi. Akaliondoa jiwe, akaliondoa sinia la bati, akaifunika sufuria yake. Kikakaa sawasawa, hakikucheza hata kidogo.

"Dada Dorkas!" Sakkie akapiga ukelele. "Hilo ni kombe! Litaungua moshi!"

"Hiki ni kifuniko," Dorkas akasema. "Sufuria alinipa mama yangu. Au sufuria nayo ni ya mkono unaokula?"

Elroy alianza kusema, "Mama, jamani, usiwe hivyo..." akaishia hapo, maana mama yake alikuwa amempa mgongo.

Wamenunua kombe jipya siku hizi, la dukani, la rangi ya dhahabu, lina mpini kila upande. Jina la Elroy limeandikwa kwa mashine. Bado wanakwenda kila Aprili. Dorkas hajaenda tena, na ile fimbo nyeusi alimpa mtoto wa jirani bila hata kuuliza kama anajua kuvua. Elroy anakuja bado kuchukua mboga zake. Hawazungumzii jambo lile. Anakaa jikoni, anakula, na kifuniko kiko pale jikoni juu ya sufuria, kinatetemeka kwa mvuke, jina lake na la baba yake yameshaanza kumezwa na masizi. Niliwahi kumwambia Dorkas, "Lete msumari nikuandike mimi, hapo hapo katikati." Akakataa. "Andiko la mkono wako litanisaidia nini, wifi? Wao ndio walitakiwa kuliandika."

Juzi, siku chache kabla ya Pasaka, nilikuwa kwake simu ikalia. Ni Elroy. Dorkas akaiweka kwenye spika kwa sababu alikuwa anachambua mchele.

"Mama, shikamoo. Mama, kile chambo je? Mwaka jana tulitoka mikono mitupu, ugali wa mke wangu samaki wanaupita tu. Nikipita kesho nitakikuta?"

Dorkas aliendelea kuchambua mchele. Akatoa kijiwe, akakitazama, akakiweka pembeni.

"Mikono yangu inanuka sabuni, mwanangu," akasema, akakata simu.

Nilitaka kushangilia, nakuambia ukweli, mkono ulikuwa tayari umeinuka. Lakini nilipomwangalia, alikuwa ameinusa mikono yake. Ameiweka usoni, yote miwili, anainusa. Kisha akaniuliza kama nimesikia maji ya mto yamefika wapi mwaka huu, na kama mierebi imeshageuka.

Nikamwambia sijui. Na nilikuwa najua.